Ndiva ya Baharini

Msafiri atokaye Tanga kwenda Moshi, iwe kwa basi au, kama walivyosafiri babu zake, kwa reli iliyofika Moshi mwaka 1911, huingia Same akiwa amekwisha kuisahau bahari. Nyuma yake zimebaki kilomita zaidi ya 200. Kushotoni ni nyika ya migunga inayoteremkia mto Pangani. Kuliani imesimama milima ya Upare ya Kusini, na kilele chake, Shengena, kinapita mita 2,400 na aghalabu hufichwa na ukungu. Juu mvua, chini vumbi. Mji wa Same umekaa katika vumbi hilo, ukiitazama mvua ya wengine. Upande wa pili wa mlima, katika njia ya Gonja, kipo kijiji kiitwacho Kisiwani, wala hakuna bahari inayokizunguka. Misafara ya karne ya 19, iliyopanda kutoka pwani na nguo na shanga ikitafuta pembe, ilikuwa ikitua hapo na Gonja kabla ya kuelekea Uchagga.

Misafara hiyo ilipandisha vingi kutoka pwani. Kaure ilipanda, simbi ikapanda, lugha ikapanda, na hata Uislamu ukapanda. Kiumbe kimoja cha pwani hakikupanda, wala kisingeweza kupandishwa kikiwa hai hata kama wapagazi wangekuwa na mbio za swala. Nacho ni kiti cha pweza, yule mnyama wa mikono mitano ambaye mtoto wa kisiwani humjua kabla hajajua kusoma. Sababu ya kutopanda kwake haimo katika umbali wala katika joto la nyika. Imo katika namna anavyotembea. Na ajabu ni kwamba mtu wa kumweleza mwenziwe vizuri zaidi namna hiyo ya kutembea si mvuvi wa Nungwi wala wa Kizimkazi, bali ni mkulima wa mlimani ambaye pengine hajawahi kumwona.

Mkulima huyo ana ndiva. Neno hili ni la Wapare wenyewe, nalo ni jina la bwawa dogo lililojengwa ubavuni mwa mlima. Maji ya kijito huvutwa kwa mfereji, hupindishwa kuufuata mteremko, yakamwagwa bwawani. Usiku, wakati mashamba yamelala, ndiva hujaa. Alfajiri tundu lake huzibuliwa, na maji yaliyokusanyika hushuka kwa mkupuo mpaka shambani. Hekima ya mpango huu haionekani upesi kwa mgeni. Kijito cha Upare, khasa miezi ya kiangazi, ni uzi tu wa maji. Uzi huo ukiachwa utiririke wenyewe katika mfereji wa udongo, utanywewa na ardhi kabla haujafika popote. Ukikusanywa usiku kucha na kuachiwa kwa mara moja, hupata nguvu ya kufika mbali. Maji ni yaleyale; kilichoongezwa ni kusubiri na kusukumwa.

Ndiva zilikuwapo kabla ya Mjerumani. Zilichimbwa na koo, na koo ndizo zilizosimamia zamu za maji, zikatoza faini, zikafanya matambiko penye chanzo. Mfereji ukibomoka, watu waliitwa kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ambayo jina lake la Kipare limeenea leo katika Kiswahili cha mkoa mzima wa Kilimanjaro. Baada ya uhuru mamlaka ya koo yalihamia kwa serikali za vijiji na kamati za maji, na katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 na mwanzoni mwa karne hii kuta za udongo za ndiva nyingi zikatiwa saruji. Ndiva ya Manoo, katika kijiji cha Bangalala, imekuwa mashuhuri hata kwa wahandisi wa maji wa ng'ambo. Katika bonde hilohilo, Vudee iko juu na hupata maji kwanza. Bangalala iko kati. Makanya iko chini, na wakulima wake hutegemea zaidi mafuriko yanayoteremka mvua ikinyesha milimani. Ugomvi wa maji baina ya wa juu na wa chini ni wa tangu zamani, wala haukumalizwa na saruji.

Mpwani akiisimamia ndiva kwa mara ya kwanza huenda asitambue kuwa amekwisha kuiona nyingine, ndogo kuliko kiganja, ikitembea mchangani maji yakipwa.

Wapo waliozipita nchi zote mbili na wasiliseme hilo. Mwaka 1861 Baron Carl Claus von der Decken aliondoka pwani akaenda Kilimanjaro, akafika Ziwa Jipe chini ya milima ya Upare ya Kaskazini. Mwaka uliofuata akarudi tena mlimani pamoja na Otto Kersten. Aliuawa mwaka 1865 huko Bardera, katika mto Juba. Miaka minne baadaye, mwaka 1869, ikachapishwa Ujerumani sehemu ya matokeo ya safari zake iliyoorodhesha wanyama wa Afrika Mashariki, na ndani yake, baada ya mamalia, ndege, kaa na konokono, waliwekwa pia ndugu wa kiti cha pweza. Baadaye Alfred Voeltzkow alikusanya wengine katika maji yetu, na mwaka 1899 Hubert Ludwig akatoa maandishi yaliyohusu wanyama hao wa eneo la Zanzibar peke yao. Wataalamu hawa walikuwa mabingwa wa kuhesabu miiba na kutoa majina ya Kilatini. Mnyama alipowafikia mezani, hata hivyo, alikuwa ameshakauka au ameloweshwa katika chupa ya spiriti, na mnyama wa namna hii akikauka, kilichokauka kwanza ndicho kilichokuwa kikimwendesha.

Ulaya ilikuwa imekwisha kukijua kitu hicho kwa vipande. Mwaka 1710 Mfaransa Réaumur aliwachunguza viti vya pweza wakiwa hai, akaandika juu ya vijiguu vyao vingi na namna vinavyorefuka. Mwaka 1734 Jacob Theodor Klein akaubuni msamiati ambao umedumu, Ekinodermata, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya ngozi na kalunguyeye. Mwaka 1816 Friedrich Tiedemann akachapisha uchunguzi wake wa mwili wa jongoo bahari, wa kiti cha pweza na wa yule wa miiba aliyeviringana kama shokishoki, akaonyesha mifereji ya ndani.

Mifereji hiyo ndiyo kiini cha habari. Mtazame kiti cha pweza kwa juu, katikati ya mgongo, kidogo pembeni: pana kisahani kigumu chenye vitundu visivyohesabika, kama chujio la chai. Hicho ndicho chanzo cha maji. Kutoka hapo unateremka mfereji mfupi ambao kuta zake zimetiwa chokaa, na wataalamu huuita mfereji wa jiwe. Nao wamwaga katika mfereji wa duara unaouzunguka mdomo, ulio upande wa chini. Kutoka kwenye duara hutoka mifereji mitano, mmoja kwa kila mkono, ikienda hadi ncha. Kila mfereji wa mkono hutoa vijifereji kulia na kushoto, na kila kijifereji kina mlango wa kuzuia maji yasirudi, kisha kibofu kidogo kwa ndani na kijiguu kwa nje. Kibofu ndicho ndiva. Hujaa, hukaa, kisha misuli yake hukibana. Mlango hujifunga, maji hayana pa kukimbilia ila kijiguuni, na kijiguu hurefuka. Misuli ya kijiguu ikijikunja, maji hurudi kibofuni. Hatua moja ya kiti cha pweza ni kufunguliwa na kufungwa kwa ndiva mamia kwa mamia, kila moja kwa zamu yake.

Huko chini, kijiguu kinapogusa jiwe, kwa muda mrefu vitabu vilisema kwamba hunyonya kama kikombe cha mpira. Uchunguzi wa karibuni umeonyesha kuwa kazi kubwa hufanywa na gundi: kijiguu hutoa ute wa kujinatisha, na kikitaka kuondoka hutoa ute mwingine wa kujibandua. Nyayo zake hubaki juu ya jiwe. Ndiyo maana mtu akimbandua mnyama huyu kwa nguvu, kama wafanyavyo wageni kwenye mafungu ya mchanga ili wapigwe nao picha, vijiguu vingine hukatika na kubaki jiwenì, na mnyama mwenyewe, akiinuliwa hewani, hulegea. Kulegea huko watu hukuita usingizi au aibu. Si lolote katika hayo.

Nani basi anayegawa zamu? Swali hili angelielewa kila mzee wa Bangalala, kwani mifereji bila msimamizi ni vita. Kiti cha pweza hana ubongo. Anao mshipa wa fahamu uliozunguka mdomo na matawi matano yanayokwenda mikononi, na katika ncha ya kila mkono doa dogo linalohisi mwanga. Mkono wowote waweza kuongoza; ukinusa chaza upande huo, minne mingine hufuata, na baada ya kitambo uongozi waweza kuhamia mkono mwingine. Hana mbele wala nyuma. Mwaka 2023 watafiti waliochunguza jeni za mnyama wa jamii hii walitoa jibu la kushangaza zaidi: jeni ambazo kwa wanyama wengine hujenga kichwa zimetanda mwili wake karibu wote, na zile za kiwiliwili kwa sehemu kubwa hazionekani katika ngozi yake. Waliomwona kama mikono isiyo na kichwa walikosea. Ni kichwa kinachotembea. Wala hakuzaliwa na pande tano. Akiwa kijitoto kisichoonekana kwa jicho, kikielea baharini, ana kulia na kushoto kama samaki na kama mtu. Utano humjia ukubwani.

Ndugu zake wameirithi mifereji ileile, kila mmoja akaitumia apendavyo. Yupo yule mwembamba wa mikono kama mijeledi, ajifichaye chini ya mawe mchana. Huyo amechoka na vijiguu na hutembea kwa kupiga mikono yenyewe, na ndiye mwepesi kuliko wote. Yupo wa miiba mirefu myeusi, ambaye aliyemkanyaga hutafuta utomvu wa papai kabla ya kutafuta jina lake. Vijiguu vyake hutokeza kati ya miiba, na mdomoni ana meno matano yaliyoshikwa na kiungo ambacho wataalamu hukiita taa ya Aristotle. Yupo pia mharibifu, mwenye mikono zaidi ya kumi na miiba ya sumu, ambaye huyapandia matumbawe hai, akatoa tumbo lake nje na kuyayeyusha. Walinzi wa hifadhi ya Chumbe, iliyotangazwa mwaka 1994, wamewahi kulazimika kuwatoa mmoja mmoja.

Ama jongoo bahari, huyo anastahili kusimama naye zaidi, kwa sababu jina lake ni safari ya kutoka bara kuja pwani, kinyume na safari zote zilizotajwa. Jongoo wa kweli ni wa nchi kavu. Mvua za vuli zikianza hujaa mashambani Upare kama zinavyojaa Unguja. Waswahili walipomwona yule mrefu, mlaini, alalaye mchangani, wakamwazima jina. Wasomi wa vitabu huweza kusema kwamba jina limepotoka, kwa kuwa hawa wawili si ndugu hata kidogo. Lakini mgeuze jongoo bahari tumboni: utaona vijiguu vingi vikiinuka na kushuka, sawasawa na jongoo wa shambani ambaye miguu yake huenda kama wimbi. Yeye ni kiti cha pweza aliyelazwa ubavu, mikono yake mitano ikaungana na kuwa gunia. Lugha ilitazama miguu, na lugha haikukosea.

Wavuvi wetu wamezigawa aina zake kwa majina yao, jongoo mchanga, pauni, spinyo, na kila jina lina bei. Mpwani hamli. Hupasuliwa, huchemshwa, hukaushwa, husafirishwa mpaka China, na kwa biashara hiyo amepungua hivi kwamba Tanzania Bara ilisimamisha uvuvi wake mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Zanzibar ikiendelea. Mwenye thamani hiyo ndiye pia mwenye kazi ya kufagia: huula mchanga, akachuja kilichomo, akautoa safi. Mahali alipokwisha, mchanga hupungukiwa na wenye kuugeuza. Siku hizi kuna wanaomfuga katika nyua za nyavu Unguja na Pemba, na wafugaji hao hujifunza upesi jambo moja: mvua kubwa ikinyesha maji yakiwa yamepwa, maji ya juu yakapungua chumvi, jongoo hufa.

Hapo ndipo lilipo jibu la kwa nini jamii hii haikupanda. Ndiva ya mlimani huchukua maji ya kijito, na kijito ni kitu kingine, nje ya mkulima. Ndiva ya kiti cha pweza huchukua bahari yenyewe. Maji yaliyomo katika mifereji yake na mwilini mwake kwa chumvi ni karibu sawa na maji yaliyo nje, na hana figo wala kiungo chochote cha kuilinda tofauti. Mtie katika maji baridi, na maji hayo yatamwingia bila kizuizi. Vijiguu vitavimba, vitalegea, na kila mlango wa ndiva zake utakosa maana. Mtoe hewani, na chanzo kimekauka. Mtupa jongoo hutupa na mti wake. Bahari haiwezi kutenganishwa na hawa wake.

Wengine walijaribu wakafaulu. Samaki waliingia mitoni wakafika hata Ziwa Jipe. Konokono waliingia, na sasa wamo katika mashamba ya mpunga wa bondeni na maradhi yao ya kichocho. Kaa waliingia, katika vijito vya milima ya Tao la Mashariki huishi kaa ambao hawajawahi kuonja chumvi. Mikunga hupanda mto Pangani ikiwa midogo, hukaa miaka mitoni, kisha hushuka kwenda kuzaa baharini. Lakini katika aina zipatazo 7,000 za jamii ya kiti cha pweza zinazoishi leo duniani, zimo chache zinazovumilia maji yaliyochanganyika midomoni mwa mito, na hakuna hata moja inayoishi katika maji baridi wala nchi kavu. Jamii hii ina zaidi ya miaka milioni 500. Muda haukuwa haba.

Kwa hiyo mpaka wake na milima ya Upare ni mahali maji ya mlima yanapokutana na chumvi, na mahali hapo ni mdomo wa Pangani. Mto huo hukusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, kisha ya Upare na Usambara. Si yote hufika. Makanya, kwa mfano, hutumia maji yake mpaka tone la mwisho, na ni mafuriko makubwa tu yanayofika mtoni. Katika miaka ya 1960 lilijengwa bwawa la Nyumba ya Mungu. Mitambo ya umeme ikawekwa Hale mwaka 1964 na mingine mipya kwenye maporomoko ya Pangani mwaka 1995. Mashamba ya umwagiliaji yakaongezeka juu na kati. Kila mmoja alichukua zamu yake. Aliye chini kabisa katika mfereji huu mrefu si Makanya tena, ni mji wa Pangani.

Mto ukipungua nguvu, bahari huingia. Maji yakijaa, chumvi hupanda mtoni kilomita nyingi kuliko ilivyokuwa, na mashamba ya kingoni yaliyozoea kunywa maji baridi sasa hunywa mengine. Kiti cha pweza hakusogea. Yuko palepale nje ya mdomo, mahali chumvi inapotosha, akifungua na kufunga ndiva zake. Kilichopanda ni bahari peke yake, nayo imepanda kimya kimya kuelekea bara kwa njia ileile ya misafara, na minazi ya kando ya mto imeanza kukauka kutoka juu, kuti moja baada ya jingine.